Nati ya Mfupa: Jinsi ya Kuichonga na Kuifunga Kwenye Gitaa

Msichana wa shule ya upili aliingia katika karakana moja karibu na soko mjini Kakamega akiwa amebeba gitaa lililofungwa kwa leso. Aliandamana na mjomba wake. Gitaa lilikuwa la kwaya ya kanisa lao huko Khwisero, la kawaida kabisa, lenye nyuzi sita za chuma. Msichana hutumia mkono wa kushoto, kwa hivyo mtu mmoja katika kwaya alikuwa amemgeuzia nyuzi: uzi mnene ukahamia mahali pa uzi mwembamba, na mwembamba mahali pa mnene. Tangu siku hiyo gitaa halikukubali. Uzi mnene ulikaa juu kama kamba ya kuanikia nguo, ule mwembamba ulikoroma, na kodi ya F (kodi ya muziki, si ile inayolipwa kwa kaunti) ilimtoa machozi.

"Fundi, huyu mtoto wamesema vidole vyake ni dhaifu," mjomba alieleza. "Wanataka gitaa lirudi Jumapili wampe mwingine."

Fundi hakuangalia vidole. Alichukua penseli, akailaza juu ya nyuzi nyuma kidogo ya freti ya kwanza, akaikaza kwa mpira, kisha akalinganisha sauti za nyuzi upya.

"Haya mwanangu, piga sasa."

Kodi zilizomshinda mwezi mzima zikatoka moja baada ya nyingine. Mjomba akacheka. Ile penseli ilikuwa imekiondoa kazini kijipande kimoja cha plastiki chenye urefu wa milimita 43, na gitaa likapona papo hapo. Kijipande hicho ndicho somo la toleo hili.

Nati ni ipi, na inafanya nini

Gitaa lina kichwa, ambako kuna vikazio vya kuzungushia nyuzi, halafu shingo yenye ubao wa vidole, halafu tumbo. Pale kichwa kinapokutana na ubao wa vidole kuna kijiti kilichokaa kimkingamo, chenye mifereji sita midogo. Kila uzi hupita kwenye mfereji wake. Mafundi hukiita nati, na isichanganywe na nati ya bolti, ingawa jina ni moja. Upande wa pili, juu ya tumbo, kuna kijiti kingine kinachoitwa kidaraja. Uzi hulia kati ya vijiti hivyo viwili, na urefu wa sehemu hiyo ndio unaoamua sauti.

Kwa hivyo nati ndiyo sifuri ya rula. Kwenye gitaa ambalo uzi una urefu wa milimita 650 kutoka nati hadi kidaraja, freti ya kwanza huwekwa milimita 36.5 kutoka nati, na freti ya 12 huwekwa katikati kabisa, milimita 325. Freti zote hupimwa kutoka ukingo wa mbele wa nati, ule unaotazama ubao wa vidole. Nati ikisogea, au uzi ukigusa nati nyuma ya ukingo huo badala ya mbele, freti zote zinakuwa mahali pasipo pake ingawa hakuna aliyezigusa.

Halafu kuna kimo. Mifereji ikiwa na kina kidogo, uzi hukaa juu sana na mpigaji hulazimika kuusukuma safari ndefu hadi ugonge freti. Kusukuma huko huuvuta uzi, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Ndiyo maana gitaa linaweza kulinganishwa vizuri nyuzi zikiwa wazi, lakini mtu akibana kodi ya kwanza tu, masikio yanakunja uso. Balaa hili huwa kubwa kwenye freti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa sababu ziko karibu na nati. Huko ndiko anayejifunza huanzia. Mpigaji mzoefu anaweza kukimbilia juu kwenye shingo, lakini mwanafunzi hana pa kukimbilia, na wengi wao huliweka gitaa chini wakiamini kwamba hawakuumbwa kwa muziki.

Kaunti hii ina sababu yake ya kulijali jambo hili. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alitoka Kisa, eneo ambalo leo liko Khwisero, na jina lake ndilo hutangulia mtindo wa omutibo unapozungumziwa. Kidole gumba hushika besi, kidole cha shahada hucheza nyuzi nyembamba, na mwenzake kando hugonga chupa ya soda. Upigaji huu hutumia sana nyuzi zilizo wazi na freti za mwanzo, sehemu ile ile inayoharibiwa na nati mbovu. Litungu halina shida hii, kwani halina ubao wa vidole: uzi hupigwa ulivyo. Gitaa lina ubao huo, na bei yake ni kwamba lazima mtu aushughulikie.

Jipime kwanza

Kabla ya kununua gitaa jipya, au kumlaumu mtoto, jaribio la penseli linatosha. Likiboreka na penseli iko kwenye freti ya kwanza, tatizo ni nati. Likibaki vilevile, tatizo liko kwingine: shingo imepinda, au kidaraja kiko juu mno, na hayo si ya makala hii.

Jaribio la pili ni la kipimo. Bana uzi mmoja kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi moja ikipita ikigusa kidogo, au mbili zikipita kwa shida, nati iko sawa. Kipande cha kadi ya mwaliko kikipita bila kusumbuka, mfereji ni wa juu. Na kama hakuna nafasi yoyote, uzi umelala juu ya freti, basi mfereji umechimbwa kupita kiasi, na uzi huo ukipigwa ukiwa wazi utakoroma.

Mfupa, plastiki, na kile kisichoguswa

Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani na nati ya plastiki yenye uwazi ndani. Plastiki hiyo ni laini. Nyuzi za chuma huilia taratibu, mifereji inapanuka, na sauti ya uzi ulio wazi inakuwa kama imefunikwa blanketi. Zipo nati za shaba nyeupe na za grafiti, nzuri, ila huagizwa kutoka mbali. Mbao ngumu kama mpingo huchongeka vizuri lakini chini ya nyuzi za chuma haidumu kama mfupa.

Mfupa wa ng'ombe ndio mafundi wa magitaa duniani wameutegemea kwa miaka mingi, na kwa mkazi wa Kakamega uko bucha ya jirani. Unaofaa ni ule mnyoofu wa mguuni, chini ya goti, wenye ukuta mnene. Ukuta wa milimita 8 hutoa nati kadhaa.

Hapa kuna onyo ambalo halina mzaha. Mfupa utoke kwa mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa. Mzoga wa ng'ombe aliyekufa mwenyewe usiguswe, hata kama mifupa yake imekauka na inang'aa malishoni. Ugonjwa wa kimeta huua mifugo na watu, vijidudu vyake hustahimili miaka mingi katika udongo, ngozi na mifupa, na kuchemsha kwa kawaida jikoni si kinga ya kutegemea. Mwenye kuona mnyama amekufa ghafla, hasa akiwa anatokwa damu puani au mdomoni, amwite afisa wa mifugo wa wadi badala ya kuchukua kisu.

Pembe za ndovu nazo zisitajwe hata kwa utani. Ni kweli kwamba nati za zamani huko Ulaya na Marekani zilichongwa kwa pembe, na wapo wanaosifu sauti yake hadi leo. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya mkataba wa CITES, mwaka ambao Kenya iliteketeza tani 12. Aprili 2016 nchi hii iliteketeza tani 105 katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayepatikana na kipande cha pembe bila kibali, na ukubwa wa nati haumtetei mtu. Anayekuja kuuza "mfupa maalumu" kwa kunong'ona akataliwe. Mfupa wa supu unafanya kazi hiyo hiyo.

Mfupa mbichi hutolewa uboho, ukakwanguliwa nyama, kisha ukachemshwa kwa moto mdogo ndani ya maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo ili mafuta yatoke. Maji yasitokote kwa nguvu saa nyingi, maana mfupa utakuwa mwepesi kuvunjika. Jiki nayo iachwe: huufanya mfupa mweupe lakini huula. Baada ya hapo ukaushwe kivulini kwa wiki kadhaa. Mfupa wenye mafuta hushika gundi vibaya na hutoa harufu, na kijana anayekimbiza kazi kwa kuuanika juani siku mbili huukuta umepasuka.

Kipande cha kwanza

Vifaa si vingi. Msumeno wa chuma wenye meno madogo, tupa bapa, msasa namba 120, 240 na 400, kipande cha kioo cha dirisha cha kulazia msasa, vaisi ndogo, na rula ya chuma. Kalipa ya venia ni bora zaidi kuliko rula. Barakoa ni lazima, kwa sababu vumbi la mfupa ni laini sana na halifai mapafuni. Kazi ya kukata ifanywe nje au mlangoni. Harufu yake ni kama ya jino linalotobolewa, na majirani watauliza.

Nati ya zamani ndiyo mwalimu wa kwanza, kwa hivyo isivunjwe. Legeza nyuzi, pitisha wembe kuzunguka nati ili rangi ya gitaa isichanike, weka kipande cha mti upande wa ubao wa vidole, kisha gonga polepole kwa nyundo ndogo kuelekea kichwani. Mara nyingi inaachia kwa kugongwa mara mbili au tatu. Kwenye magitaa mengine ya umeme nati hukaa ndani ya mtaro uliokatwa kwenye ubao, ukingo mbele na ukingo nyuma, na hiyo husukumwa kutokea ubavuni. Ikikataa kabisa, ikatwe katikati kwa msumeno mwembamba kufuata urefu wake na kubanwa kwa koleo hadi ijikunje. Gundi kavu iliyobaki husafishwa kwa patasi kali bila kula mbao.

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: urefu, unene na kimo. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana nati ya milimita 43 hadi 44.5, na yale ya nyuzi za nailoni hufika 52. Unene hutofautiana sana, kuanzia kama milimita 3 kwenye baadhi ya magitaa ya umeme hadi 6 kwenye magitaa ya tumbo. Usimwamini mtu anayesema nati zote ni sawa. Nati ya dukani iliyo nyembamba kwa nusu milimita hukaa ikiyumba, na sauti inapotelea hapo.

Kata mfupa ukiwa mkubwa kidogo kuliko unavyohitaji, kwa mfano milimita 46 kwa 10 kwa 7. Laza msasa namba 120 juu ya kioo na usugue tako la nati kwanza hadi liwe bapa kabisa. Likishikwa dhidi ya rula mbele ya dirisha, mwanga usipite. Kisha sugua unene, ukijaribu kila mara mahali pake. Nati iliyo sahihi huingia kwa kusukumwa na kidole gumba na haitoki gitaa likipinduliwa. Ikihitaji nyundo ni nene mno, na itapasua mbao. Hatua hii ndiyo ya kuchosha kuliko zote, na anayeikimbia atairudia.

Mstari na mifereji

Sasa kuna ujanja wa bei ya penseli nyingine. Pasua penseli kwa urefu au isugue upande mmoja hadi risasi yake ibaki nusu, iwe na tumbo bapa. Ilaze juu ya freti ya kwanza na ya pili, ncha ikigusa nati mpya, na uchore mstari kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari huo unaonyesha kimo cha freti kwenye mfupa. Chini yake mfereji wowote hauruhusiwi kufika. Mfereji ukigusa mstari, uzi utagonga freti. Matako ya mifereji yatakaa juu ya mstari huo kwa takriban milimita 0.5 upande wa nyuzi nene, na 0.3 upande wa nyuzi nyembamba, ambazo hutikisika kidogo.

Kugawa nafasi ndipo wengi hukosea. Mtu hupima kutoka katikati ya uzi mmoja hadi katikati ya mwingine akagawanya sawa, kisha anashangaa kwa nini nyuzi nene zinaonekana zimesongamana. Sababu ni unene wake. Kinachopaswa kulingana ni nafasi tupu kati ya nyuzi, si vituo vyake. Chukua nati ya milimita 43 na nyuzi za seti nyepesi ya kawaida, zenye unene wa milimita 1.35, 1.07, 0.81, 0.61, 0.41 na 0.30. Acha milimita 3 kila mwisho ili uzi usiteleze nje ya shingo. Inabaki 37. Toa jumla ya unene wa nyuzi, 4.55, inabaki 32.45, na ukigawa kwa nafasi tano unapata karibu milimita 6.5 kila moja. Katikati ya kila mfereji, ukipima kutoka mwisho wa upande wa uzi mnene, itakuwa 3.7, 11.4, 18.8, 26.0, 33.0 na 39.9. Nambari hizi zikinakiliwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa juu ya nati, kazi ya alama imekwisha. Nati ikiwa ya upana mwingine au nyuzi za unene mwingine, hesabu hurudiwa kwa njia hiyo hiyo.

Tupa maalumu za mifereji ya nati zipo ulimwenguni, seti nzima kwa ukubwa tofauti, lakini bei yake humzidi kijana wa jua kali. Anaweza kuanza na kitu kinachouzwa dukani pamoja na vifaa vya kuchomelea: kile kifurushi cha sindano zenye mikwaruzo za kusafishia matundu ya pua ya mtungi wa gesi. Zina unene mbalimbali, na kila moja hula mfupa polepole kama tupa ya duara. Kwa uzi mnene, kipande cha uzi wa zamani uliosokotwa hutosha, kikivutwa mbele na nyuma. Alama ya kwanza ikatwe kwa wembe wa msumeno mwembamba ili sindano isiteleze.

Mfereji una tabia tatu. Uwe na upana unaozidi uzi kwa unywele tu: ukibana, uzi hukwama, na wakati wa kulinganisha sauti hutoa mlio wa "tingi" kisha huruka juu ya sauti inayotakiwa. Tako lake liwe la mviringo, si la herufi V. Na uteremke kuelekea kichwani kama paa la nyumba, ili uzi uguse ukingo wa mbele kabisa. Fundi anayechimba mfereji ukiwa bapa humpa mteja gitaa linalolia kama zeze lenye mchanga, na mara nyingi hajui kwa nini.

Chimba kidogo, weka uzi, kaza hadi sauti yake, pima kwa karatasi kwenye freti ya tatu, legeza, chimba tena. Rudia kwa kila uzi. Mwenye fila geji, ile ambayo makanika hutumia kupimia nafasi za vali za injini, aitumie badala ya karatasi. Kutoka nafasi ya milimita moja hadi nusu, mtu anaweza kwenda haraka. Kutoka nusu kushuka chini, kila msuguano mmoja ni hatua, na hapo ndipo simu huwekwa kando.

Mifereji ikishafika, juu ya nati kuna mfupa mwingi uliobaki. Usugue chini hadi uzi mnene ubaki umezama nusu ya unene wake, na nyuzi nyembamba ziwe zimezama zote au karibu zote. Viringisha kona ili zisikwaruze kiganja, malizia na msasa 400, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Mfupa uliosuguliwa vizuri hung'aa wenyewe bila vanishi.

Kuifunga

Gundi ndiyo ya mwisho na ndiyo kidogo. Matone mawili ya gundi nyeupe ya mbao, kila moja la ukubwa wa punje ya mtama, chini ya nati. Irudishe, hakikisha ncha zote mbili zimelingana na pande za shingo, kaza nyuzi nusu ili ziibane, na uache usiku mzima. Supa gluu haifai kumwagwa hapo. Atakayekuja kubadilisha nati baada ya miaka kumi ataing'oa pamoja na mbao, na huenda akawa ni wewe mwenyewe. Kabla ya nyuzi kurudi, sugua risasi ya penseli ndani ya kila mfereji. Huufanya uzi uteleze na gitaa likae na sauti yake muda mrefu zaidi.

Ikitokea mfereji mmoja umezidi kina, kuna tiba. Kusanya vumbi la mfupa lililoanguka mezani, lijaze mfereji huo, dondosha tone dogo la supa gluu (hapa ndipo mahali pake), subiri likauke na uchimbe upya. Ni kiraka, si nati mpya, lakini kwenye uzi mwembamba hudumu vya kutosha. Mifereji yote ikizidi, inua nati kwa kipande cha karatasi ngumu chini yake huku ukichonga nyingine.

Kuhusu soko, hesabu si ngumu. Shule, makanisa na bendi za harusi zina magitaa yaliyolala kwa sababu ya kasoro hii, na mfupa ni wa bei ya supu. Kinachouzwa ni muda na uangalifu. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini na vichinjio vya kaunti ni majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na shughuli za utamaduni. Kazi hii inapita katika vyote vitatu. Mkufunzi wa useremala aliye na benchi, vaisi na wanafunzi wanaopenda muziki ana kila kitu isipokuwa mfupa.

Msichana wa Khwisero alirudi karakana Ijumaa jioni. Nati yake ilikuwa mpya, mfereji mpana ukiwa upande wa mkono wa kushoto unavyotaka, na karatasi moja ilipita kwenye freti ya kwanza ikikwaruza. Fundi alimweleza ukweli pia: kidaraja cha gitaa lile kimeinamishwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, kwa hivyo juu ya freti ya saba sauti zitakuwa na upungufu mdogo hadi nacho kichongwe upya.

"Lakini wewe bado unacheza huku chini, sivyo?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi cheza huku chini. Kidaraja tutakifanya likizo."

Nati ya zamani aliitia kwenye bahasha, akaandika juu yake upana, unene na tarehe, na kumpa mjomba aiweke. Iwapo siku moja gitaa litarudi kwa mpigaji wa mkono wa kulia, vipimo vipo.